Bega la kulia: shajara ya mradi wa nyumbani

16 Novemba 2024. Hali ya mwanzo

Shajara hii ni ya yeyote aliyeumia bega mchezoni, akaambiwa limepona, na bado anaomba mtu amsaidie kuanika shuka. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kisauni, Mombasa, na mpira wa wavu nimeucheza tangu usichana. Nitaongeza maandishi kila hatua inapokwisha. Bei zote ni shilingi za Kenya nilizozitoa mfukoni.

Yaliyopita kwa ufupi. Agosti, kwenye mechi ya walimu, niliruka kuokoa mpira nikaangukia ncha ya bega. Eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Daktari alisema nyuzi ngumu zinazoufunga mtulinga (mfupa wa juu ya kifua unaofika begani) na kombe la bega (mfupa bapa wa mgongoni) zimechanika kidogo, daraja la pili. Majeraha ya aina hiyo yamepangwa katika madaraja sita, na mawili ya mwanzo kwa kawaida hayapasuliwi. Nikafungwa mkono kwa kitambaa shingoni. Tarehe ya kukifungua hakuna aliyenitajia, kwa hiyo kilikaa mpaka bega likakakamaa. Oktoba nikachomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Nililala vizuri wiki chache, kisha maumivu yakarudi pale pale. Katikati hapo akapita mkandaji na mafuta yake ya karafuu. Alichua kwa bidii na imani, na kesho yake sikuweza kuinua kitana kufika kichwani.

Ultrasaundi ndiyo iliyotoa jibu. Eksirei huona mifupa tu, kano (nyuzi zinazoshikiza misuli kwenye mifupa) haizioni. Bega lina misuli minne inayotoka kwenye kombe na kukishika kichwa cha mfupa wa mkono, ili mkono ukiinuka kichwa hicho kibaki katikati ya kikombe chake. Ukano wa msuli wa juu hupita chini ya paa la mfupa, na wangu ulionekana umevimba bila kuchanika. Bibi wa fiziotherapia alinieleza hivi: nyuzi za Agosti zimeshashikana, lakini misuli minne imekaa bila kazi miezi, na sasa kila niinuapo mkono ukano mmoja unabebeshwa kazi ya wote.

Aliniangalia pia kama ni bega lililoganda, ugonjwa unaowapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60 na wenye kisukari. Kipimo chake ni rahisi. Alinilaza, akauzungusha mkono wangu yeye mwenyewe huku mimi nimelegea. Bega lililoganda halizunguki hata likizungushwa na mtu mwingine, langu lilizunguka. Nikapima sukari vilevile, iko sawa. Nimeyaandika haya kwa sababu mazoezi ya hapa chini yanafaa kwa bega kama langu. Ukiwa na ganzi vidoleni, au mkono hauinuki kabisa tangu siku ya kuanguka, au bega limebadilika umbo, rudi hospitali kwanza.

Kipimo changu ni chaki na ukuta wa jikoni. Nasimama uso kwa ukuta, vidole vinapanda kama kaa mpaka maumivu yafike nne kwa kumi, napiga mstari. Mkono wa kushoto: sentimita 201. Wa kulia: 141. Nyuma ya mgongo, kidole gumba cha kulia kinaishia kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Sidiria nafungia mbele kisha naizungusha.

30 Novemba 2024. Usiku kwanza

Mazoezi ya wiki hizi ni mepesi hata naona haya kuyaeleza. Kiwiko kimekunjwa na kubanwa ubavuni, ngumi inasukuma fremu ya mlango kwenda nje, kisha kwenda ndani, bila mkono kusogea. Kusukuma kidogo, kushikilia, kuachia. Basi.

Kazi kubwa imekuwa kulala. Upande wa kulia haiwezekani. Upande wa kushoto, mkono wa kulia unaangukia mbele kifuani na kulivuta bega, nashtuka saa nane za usiku. Chali ni afadhali, lakini kiwiko kinazama godoroni na bega linasukumwa mbele. Nilijaribu kuufunga mkono kwa leso usiku kucha, nikaamka umekakamaa kuliko jana.

Dawa ni mito miwili. Nikilala chali, mto mwembamba unakaa chini ya kiwiko, si chini ya bega. Nikilala kushoto, naukumbatia mto mnene hadi kiganjani, mkono usining'inie. Mto mnene nimenunua soko la Kongowea kwa 400. Baba watoto amelalamika kwamba kitanda kimejaa. Amehamia ukingoni.

Diklofenaki, dawa ya maumivu, nimeacha. Ilinisaidia mwezi wa kwanza, ila ni dawa inayochoma tumbo na kupandisha presha ukiizoea, na presha nyumbani kwetu ni ya kurithi.

21 Desemba 2024. Kapi

Lengo: mkono mzima uuinue mkono mgonjwa, kiungo kizoee kupanda bila misuli kulazimishwa. Hospitalini kuna kifaa cha kamba mbili kinachoning'inia mlangoni. Nikaambiwa kinauzwa 2,500. Nikaamua kutengeneza.

Toleo la kwanza lilikuwa kamba ya katani juu ya mlango. Ilikwama, ikaruka, ikakwama tena, na kila iliporuka bega lilishtuka. Mbao za mlango zikachubuka. Toleo la pili lilikuwa kapi la chuma, kigurudumu cha kupitishia kamba, la 180 lililotundikwa kwa msumari juu ya fremu. Jirani yetu mzee aliyeendesha mashua Bandari ya Kale miaka mingi alisimama akalitazama. "Mwalimu, hilo ni kapi la henza, kamba ya tanga, au la kujitia kitanzi? Msumari huo utakuangukia usoni."

Akalitoa. Akafunga kapi kwa kamba fupi kwenye kijiti kinene, kijiti kikapita upande wa pili wa mlango juu, mlango ukafungwa. Uzito unakibana kijiti mlangoni, hakuna msumari. Kamba akabadilisha, ya nailoni laini ya mashua, 60, na vishikio viwili vya vipande vya bomba la maji. Nakaa kitini mgongo kwa mlango, kushoto kunavuta chini, kulia kunapanda.

Jambo moja la kuangalia: bega lisipande sikioni. Likipanda, kombe halizunguki na paa la mfupa linaubana ukano. Nimeweka kioo mbele. Bila kioo nilikuwa najidanganya sentimita nyingi.

Ukuta: 152.

18 Januari 2025. Ubao

Shule zimefunguliwa na bega limenikumbusha kazi yangu ni nini. Kuandika ubaoni juu ya usawa wa macho, somo baada ya somo, ni zoezi ambalo hakuna aliyenihesabia. Jumatano ya kwanza nilishindwa kufuta.

Niliandika nusu ya chini ya ubao tu. Wa nyuma wakaanza kusimama, wa katikati wakawapigia kelele, darasa likavurugika. Nikajaribu mkono wa kushoto. Watoto walicheka kwa adabu.

Seremala anayetengeneza madawati pale shuleni alinipigilia jukwaa dogo la mbao za madawati yaliyovunjika, kimo sentimita 20, refu kama ubao ulivyo. Bure, nikampa soda. Kiwiko sasa kinabaki chini ya bega ninapoandika. Mimi ni mfupi, kwa hiyo huenda mrefu asihitaji. Ubao unafutwa na kiongozi wa darasa, ambaye amejiona amepandishwa cheo.

Hapo hapo shuleni, mwenzangu amenishauri nikapasuliwe, mfupa wa paa la bega uchongwe ili ukano upate nafasi. Mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili, moja ya Uingereza na nyingine ya Ufini, zilizolinganisha upasuaji huo na upasuaji wa kuigiza, ambapo mgonjwa alitiwa kamera begani bila kuchongwa chochote. Tofauti ya maana haikuonekana. Wagonjwa wale hawakuwa na kano zilizochanika kabisa, na aliyechanika ana hesabu nyingine. Kwangu ilitosha kubaki na kapi.

15 Februari 2025. Tyubu na bahari

Hatua ya mpira wa kuvuta. Ya dukani, ya rangi rangi, ni 1,200. Fundi wa bodaboda huuza tyubu kuukuu kwa 50. Unaichana kwa urefu, unapata ukanda. Tyubu ya baiskeli ni nyepesi, ndiyo ya kuanzia. Ya pikipiki ni nzito, nimeiweka akiba.

Zoezi kuu: kitaulo kilichoviringwa kinabanwa kati ya kiwiko na ubavu, kiwiko kimekunjwa, mkono unavuta mpira kwenda nje polepole na kurudi polepole zaidi. Kurudi ndiko kunakofanya kazi. Lingine ni kuvuta mikono miwili kuelekea kiunoni huku makombe yakikaribiana mgongoni.

Tyubu ya kwanza ilikatika mkononi. Ilikatika pale palipozibwa kiraka, na kitasa nilichoifungia kikanikosa kidogo tu. Kwa hiyo: kata kipande kisicho na kiraka wala vali, na usifunge kwenye kitasa. Piga fundo nene, lipitishe upande wa pili wa mlango, funga mlango. Ya pili niliiacha darini juani, ikapasuka nyufa. Jua huila raba haraka. Ya tatu ipo kabatini, nimeipaka poda isinatane, na inadumu.

Bahari ndiyo furaha ya mradi huu. Maji yakifika mabegani mkono unaelea wenyewe, uzito wake unabebwa na maji, na unaweza kuuinua kimo ambacho nchi kavu haukubali. Ukiuendesha haraka, maji hayo hayo yanakuwa kizuizi. Naenda ufuo wa Pirates, Bamburi, msimu huu wa kaskazi maji yametulia na ni ya uvuguvugu.

Mambo mawili yalinipa shida. La kwanza ni nguo. Dera likishalowa linavuta mkono kama nanga, siku ile nilirudi na maumivu ya sita. Sasa navaa fulana ya kubana ya mikono mirefu, mtumba, 350, na dera napandisha juu yake nikitoka. La pili ni kupwa na kujaa. Kupwa kukikukuta utatembea juu ya mwani mpaka miamba bila kupata maji ya kiuno. Kujaa husogea mbele karibu dakika 50 kila siku, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji hujaa jioni, wakati wa kutoka shule. Kwa hiyo naenda siku zinazofuatana na mwezi mchanga na mwezi mpevu. Siku za maji mafu, yaani madogo, nabaki na tyubu. Ratiba ya mwezi inanifaa kuliko ya Jumatatu, Jumatano, Ijumaa niliyopewa kwenye karatasi.

Ukuta: 178. Sidiria nafungia nyuma, kwa kuguna.

22 Machi 2025. Yamerudi nyuma

Ukuta: 163. Usiku naamka tena. Kidole gumba kimerudi kiunoni.

Nilitafuta sababu kwenye mazoezi nikaikosa. Tyubu ni ile ile, baharini sijaenda tangu Ramadhani iingie. Mazoezi nimepunguza, nafanya baada ya tarawehe, tena mafupi. Nikampigia bibi wa fiziotherapia nikamwambia huenda ukano umechanika. Hakunijibu hilo. Akaniuliza, "Dada, futari huko kwenu nani anapika?"

Napika mimi, na mama mkwe. Mbaazi za nazi, viazi vya nazi, tambi, mkate wa sinia, vitumbua vya wageni. Nazi zinakunwa kila alasiri, na anayekaa juu ya mbuzi ya kukunia ni mimi. Fikiria kazi yenyewe: umekaa chini, umeinama mbele, kiganja kinasukuma kifuu kwenye meno na kukizungusha kwenda ndani, mamia ya mara, bila kupumzika mpaka nazi nyeupe iishe. Bega linazunguka ndani huku limebeba uzito wa mwili. Ongeza kukamua tui. Ongeza kuponda viazi, na kubeba sufuria ya uji mkono mmoja kwa sababu mwingine umeshika mtoto.

Karatasi yangu ya mazoezi ilikuwa imeandikwa kana kwamba saa nyingine zote za mchana nakaa.

Hatua za mara moja: mazoezi ya tyubu yamesimama, yale ya kusukuma fremu yamerudi, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa baada ya kupika kwa sababu inapunguza maumivu na hainigharimu chochote. Nazi sasa inakunwa kwa mashine sokoni, nyongeza ya 10 kwa kila nazi. Mama mkwe anadai tui la mashine halina ladha. Jana alikunywa uji wake wote.

12 Aprili 2025. Daftari la mzigo

Idd imepita na bega limetulia. Ukuta: 174.

Nimebadilisha namna ya kuandika. Zamani daftari lilikuwa na mazoezi tu. Sasa kila siku lina mistari miwili: kazi za nyumbani na shule zilizolitumia bega, na mazoezi. Nazipa alama tatu tu: nyepesi, wastani, nzito. Siku ikiwa na kazi nzito, mazoezi yanakuwa mepesi au hayapo. Siku ya kazi nyepesi ndiyo siku ya kuongeza tyubu. Kanuni ya kuendelea ni hii niliyopewa tangu Novemba lakini naielewa sasa: maumivu ya hadi nne wakati wa kazi yanavumilika, alimradi asubuhi inayofuata bega liwe kama lilivyokuwa jana. Asubuhi ndiyo inayohukumu.

Daftari likafichua mengine. Kufua kumbe si tatizo, tatizo ni kukamua. Kanzu za baba watoto anakamua mwenyewe siku hizi, na kwa kuwa anakamua vizuri kuliko mimi zinakauka mapema. Kuanika: nilishusha kamba ikafika kifuani, shuka zikaburura mchangani. Sasa ziko kamba mbili sambamba, shuka linakunjwa katikati na kutandazwa juu ya zote mbili. Matatu: kushika bomba la juu gari likiyumba ni kazi nzito kuliko jerikeni. Nakaa, au nasubiri inayofuata. Asubuhi ya kuchelewa kazini, jibu hili halisaidii.

Mbuzi sijaiacha. Nimeirudisha kama zoezi: nusu nazi, mara moja kwa wiki, siku ambayo hakuna kingine.

31 Mei 2025. Kusi na jerikeni

Bahari imechafuka. Kusi imeingia na mawimbi ya Bamburi yananisukuma bega kabla sijalisukuma mimi. Nilijaribu siku ya bamvua, nikatoka. Baharini sirudi mpaka kaskazi irudi.

Badala yake ni uzito. Jerikeni ndogo ya lita tano ni mizani ya bure, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Nilianza na lita moja, kuinua kutoka mezani hadi rafu ya chini, kisha ya kati. Tatizo: maji yanacheza ndani, na jerikeni isiyojaa inauyumbisha mkono kuliko uzito wake. Mchanga ungetulia lakini haupimiki kirahisi. Suluhisho ni chupa za nusu lita zilizojazwa pomoni, mbili au tatu ndani ya mfuko wa kitambaa. Asubuhi zikinyamaza mfululizo, naongeza chupa moja.

Zoezi la kuegemea ukuta na kuusukuma nimelihamishia kwenye kaunta ya jikoni, mwili umelala zaidi. Tyubu ya pikipiki imetoka kabatini.

Ukuta: 189.

28 Juni 2025. Hali ilivyo

Ukuta: 194. Kushoto bado 201. Nalala upande wa kulia, ila si usiku kucha. Kitana, sidiria, ubao, kamba ya nguo: vyote bila kufikiri. Ncha ya bega ina kinundu kidogo pale mtulinga unapokutana na kombe, na nimeambiwa kitabaki. Hakiumi.

Mpira: napokea na kuinua kwa mikono miwili bila shida. Kusevu kwa chini ya mkono, sawa. Smashi bado. Nimejaribu kutupa mpira wa tenisi ukutani kwa mkono ulioinuliwa, na ule wakati wa kuuzuia mkono baada ya kuachia mpira ndio unaouma, asubuhi inayofuata inakuwa tano. Nimerudi kutupa kutoka usawa wa kifua, karibu na ukuta, na daftari linaandika "nzito" siku hiyo hata kama sikuona jasho.

Gharama. Kabla ya mradi: daktari na eksirei 2,700, sindano 3,500, ultrasaundi 3,000, mkandaji 1,000. Jumla 10,200. Tangu Novemba: fiziotherapia 7,500, mto 400, fulana 350, kapi 180, tyubu tatu 150, kamba 60. Jumla 8,640, bila nauli za Bamburi, bila kipimo cha sukari na bila nyongeza ya nazi. Kama pesa ni chache, ningekata kila kitu kabla ya fiziotherapia, kisha ningeomba miadi iachane kwa wiki kadhaa, kwa sababu kinacholipiwa pale ni kuangaliwa na kurekebishwa, na mazoezi yenyewe yanafanyika mlangoni kwako.

Hatua ijayo ni kutupa mpira kwa mkono wa juu, umbali mfupi, Agosti shule zikifungwa na ubao ukipumzika. Mechi ya walimu mwaka huu nitashika filimbi.